Kuni Nilizozirudisha Msituni

Familia ninayoifanyia kazi hapa Al Twar, Dubai, hulikimbia joto la Agosti. Mwaka jana walikwenda milima ya Ulaya na mimi nikabebwa, kwa kuwa mama yake madam ni mzee na mimi ndiye ninayemwogesha. Nyumba tuliyokodi ilipakana na msitu ambao haujawahi kuonja shoka. Ile miti ya gome laini la kijivu sijui jina lake kwa Kiswahili.

Asubuhi ya pili yule bibi mzee alikuwa anatetemeka kwa baridi, na mekoni mlikuwa na majivu matupu. Sasa mimi nimezaliwa kando ya msitu wa serikali kule Nyeri, nitashindwa na kuni? Nikaingia, nikaokota matawi makavu, nikayafunga kwa kamba ya kuanikia nguo na kuibana kwenye paji la uso, mzigo mgongoni, kama mama alivyonifunza. Nikitoka tu, nikakutana ana kwa ana na mlinzi wa msitu, mwanamke wa makamo mwenye buti.

Mama aliwahi kulala kituo cha polisi kwa mzigo kama ule. Nikajiona nimepandishwa ndege ya kurudi kwetu, khalas, kazi imekwisha, na mwanangu yuko kidato cha tatu, karo inaningoja.

Madam aliitwa. Mlinzi akaeleza, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba pale hata mti uliokufa hauguswi, na kwamba nirudishe kila tawi nilipolitoa. Nadhani hakutarajia ningeweza. Lakini mwokota kuni hasahau alipookota. Nilirudisha yote, moja moja, naye akinifuata. Mahali pa mwisho alichuchumaa akanionyesha gogo lililooza, limejaa uyoga na wadudu, na juu yake mche mwembamba wenye majani mawili. Niliupenda msitu ule, na niseme ukweli, niliuonea wivu.

Madam alisema tu kwamba ningemwambia, angewasha hita. Kazi yangu ikabaki.

Tuliporudi Dubai nilimpigia mama simu, nikamsifia msitu ule mpaka maneno yakaniishia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na akina mama wa huko wanapikia nini?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya jiko la gesi la madam. Upande wa pili wa simu nilimsikia akivunja ukuni kwa goti.