Nilivyokwenda Bangkok Kumnyoa Kaka

Nilitua Bangkok asubuhi, na hasira niliyotoka nayo Kirumba, Mwanza. Sikwenda kutembea wala kutafuta nguo za kuja kuuza. Nilitumwa na wazee wa ukoo nikamnyoe kichwa kaka yangu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, ambaye mama yetu aliugua, akafa, akazikwa, na yeye hakukanyaga msibani.

Kwetu, watu wa kandokando ya ziwa upande wa Mara, matanga hayaishi mpaka mtoto wa kwanza wa kiume anyolewe na mtu wa damu yake. Mimi nilinyolewa siku ya tatu, nimekaa chini, watu wote wananitazama. Kichwa changu, cha mtoto wa kike, hakikuhesabika. Miezi minane nilimgeuza mama kitandani baada ya kiharusi, nikamwosha, nikamlisha uji kwa kijiko, lakini ukoo ulitaka nywele za mwanamume aliyekuwa ng'ambo akihangaika na vito. Na bila nywele hizo hakuna jambo la heri lililoweza kufanyika nyumbani. Binti yangu alikuwa ameshachumbiwa. Upande wa kijana walikuja mara mbili kuleta mahari wakaambiwa wasubiri, na mara ya pili nilimwona mama yake akibana midomo. Hakuna uchumba unaongoja milele, na mwanangu alianza kukonda mbele ya macho yangu.

Kaka alisema hawezi kuja. Vibali vyake vilikwisha muda zamani, akitoka kule hatarudi, na kule ana mke na mtoto. Baba mdogo akasema basi aende mtu. Macho yote yakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye mwenye pasipoti. Nauza dagaa soko la Mwaloni na huwa navuka kwenda Kampala, kwa hiyo kwa hesabu ya ukoo Bangkok ni mbele kidogo ya Kampala. Baba mdogo akanikabidhi pakiti ya nyembe mpya na kitambaa cheupe cha kufungia nywele, akasisitiza kwamba hataki picha ya simu, anataka nywele zenyewe. Aliponiona nimenuna akaniambia hasira hasara. Nikamjibu kwamba hasara tulishaipata.

Nilitegemea angalau nimkute kaka uwanja wa ndege. Nilikuwa nimepanda ndege tatu, miguu imevimba mpaka viatu vinabana. Watu walisimama na vibao vya majina ya wageni wao, nikavisoma vyote kama mjinga. Nilipopata mtandao wa bure, simu ikaingiza ujumbe wa sauti wa kaka. Alisema hatakuja, kwa sababu pale uwanjani wamejaa watu wa uhamiaji. Nipande treni, nibadilishe, nishuke, nitafute uchochoro namba arobaini na moja. Alieleza kwa wepesi kama ananielekeza Butimba, kwetu Mwanza. Mtu mzima anaogopa uwanja wa ndege, halafu mdogo wake asiyejua hata neno moja la lugha yao ndiye ajitafutie njia.

Treni inapita juu, sambamba na madirisha ya maghorofa, na ndani ni baridi kama kwenye chumba cha kugandishia minofu ya samaki. Hakuna anayeongea. Kila kituo kilipotangazwa nilihesabu kwa vidole, na mahali fulani nilipoteza hesabu kwa kuwaza maneno nitakayomwambia kaka. Nikashuka vituo kadhaa mbele. Hilo nililijua baadaye.

Mtu wa Mwanza hapotei kirahisi. Kwetu kuna milima ya mawe inayokuonyesha ulipo, na ukichanganyikiwa kabisa unateremka tu, kwa kuwa mteremko karibu wote utakufikisha ziwani, na ukishaliona ziwa umepona. Bangkok ni tambarare kama sinia. Hakuna jiwe, hakuna mlima, hakuna pa kuteremkia. Vichochoro vyao vina namba, upande mmoja witiri na upande wa pili shufwa, nami nilipoona thelathini na nane nikafurahi, nikavuka barabara nikijua arobaini na moja iko hatua chache. Ng'ambo ile nikakuta hamsini na tano. Nilisimama chini ya kibao hicho nikatukana kwa lugha ya mama, wazi, maana nani angenielewa.

Kuuliza si ujinga, lakini kila niliyemuuliza alitabasamu na kuondoka. Hapo ndipo nikafanya kosa ambalo mtu wa ziwani tu angelifanya: nikatafuta maji. Niliingia uchochoro huo wa hamsini na tano, nikaburuta begi mpaka mwisho, jua linachoma, jasho linaingia machoni, na mwisho wake kweli nikakuta maji. Ulikuwa mfereji mpana, mweusi, na boti ndefu zinapita kwa kelele. Nikapumua. Nikapanda ya kwanza iliyosimama. Kondakta alikuwa mwanamke mwenye kofia ngumu, anatembea ukingoni mwa boti kwa nje huku ameshika kamba. Abiria wa pembeni ndio wanaovuta turubai ili maji machafu yasiwarukie watu. Mimi nilikaa pembeni na sikuvuta, nikapata maji yale usoni, na jirani yangu akanifokea. Kwetu boti inakwenda kisiwani inarudi. Kule maji ni barabara, na mimi nilikuwa nimeshika upande wa kutoka mjini.

Nilishuka boti ilipoishia, nimelowa, nanuka. Pembeni ya gati alikuwepo bibi mmoja anashona kwa cherehani chini ya mwavuli. Kwa mazoea nikapiga goti kumwamkia, ingawa mdomo haukuwa na la kusema. Aliweka chini suruali aliyokuwa akiishona, akakutanisha viganja kifuani, akapokea simu yangu yenye picha ya anwani aliyonitumia kaka. Akaisoma, akaguna, akaniambia maneno mengi ambayo bila shaka yalikuwa ya kunigombeza. Halafu akaiacha cherehani yake, akanishika mkono mpaka kwa waendesha pikipiki wenye vizibao vya rangi ya chungwa, akamwamuru mmoja, na akanifunga mwenyewe kamba ya kofia chini ya kidevu.

Nililia njia nzima nyuma ya ile pikipiki, na sikulia kwa shukrani. Mtu asiyenijua alikuwa ameacha kazi yake akanishika mkono. Ndugu niliyezaliwa naye tumbo moja alinitumia sauti.

Kaka alikuwa amesimama mdomoni mwa uchochoro, kandambili miguuni, nywele zimefika masikioni, nyingi nyeupe. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na mmoja. Shikamoo sikumpa. Alitaka kunipokea begi, nikalivuta.

"Umechelewa," akasema. "Nimesimama hapa tangu saa tatu."

"Na sisi tunakungoja miezi kumi sasa," nikamwambia.

Akatangulia kupanda ngazi. Anakaa chumba kimoja juu ya duka la kufulia nguo. Mkewe alikuwa kazini, mtoto shuleni. Alijua nilichofuata, aliosha kichwa mwenyewe, akakaa chini sakafuni bila kuambiwa, akakunja miguu. Nilitandika kitambaa cha baba mdogo mapajani mwake, nikaanzia kwenye paji la uso. Nywele zake ni ngumu kama za mama. Nilikuwa nimefika utosini aliposema lile ambalo nilijua tangu Mwanza kwamba atalisema.

"Mama aliniulizia?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimelirudia kwenye ndege zote tatu: hakukutaja hata siku moja. Lakini lingekuwa uongo, na uongo angeweza kuukataa moyoni mwake akalala usingizi. Nilitaka aumie kwa kitu cha kweli.

"Alikuita kila asubuhi," nikasema. "Mimi hakunijua tena. Alikuwa anaita jina lako, nami naitika naam."

Yeye mwenyewe mama ndiye aliyenifundisha kwamba mtoto wa kike huitika abee, na nikikosea alinifinya. Miezi ile ya mwisho niliitika naam, kwa sauti nzito ya kuiga, ili atulie ameze uji. Asubuhi aliyokufa pia niliitika hivyo. Yote hayo nilimweleza kaka, polepole, sikumpunguzia kitu. Alifunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika, na wembe ukamkata juu ya sikio. Sikumwambia pole. Nilifuta damu kwa kidole gumba, nikamwambia ainame, kisogo bado.