Mkamata-nzi wa Manjano Aliyetua Jericho

Niliondoka nyumbani kwangu mtaa wa Ziwani, Nairobi, Jumamosi asubuhi ili kusafisha jina langu. Mwaka jana niliwaarifu wenzangu wa chama cha watazamaji ndege kwamba nimeona bundi adimu juu ya paa la jirani. Wakaja watu saba na kamera zao, tukavizia saa mbili nzima, hadi jirani mwenyewe akapanda ngazi na kumshusha bundi wangu: kofia ya sufu ya mumewe. Tangu siku hiyo, hata nikiandika kwamba nimeona kunguru, katibu wetu Kioko hunijibu neno moja: "Picha?"

Sasa Ijumaa alinipigia simu Mzee Musyoka, mchonga vinyago wa Jericho, ambaye huniuliza mara kwa mara maumbo ya ndege anaowachonga.

"Dada, hapa kwa mpera kuna kandege ka njano. Kanashika nzi hewani."

"Si ni yule wa kila siku, mwenye duara jeupe machoni?"

"Yule namjua, ako na miwani. Haka hakana miwani."

Nikafungua kitabu changu cha ndege. Wa njano, hana miwani, anadaka nzi: huyo ni mkamata-nzi wa misitu ya Pwani. Kumwona Nairobi ni kama kukuta pweza ndani ya Mto Nairobi.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa Gikomba, wachuuzi wakifungua marobota ya mitumba. Mmoja akaishika darubini shingoni mwangu. "Madam, hii ni ya Germany? Niuzie." Nikaificha ndani ya leso. Shauri Moyo nilinunua mandazi manne, na kabla sijafika Jogoo Road nilikuwa nimeyamaliza, maana woga hunitia njaa.

Saa mbili kasorobo, Jericho. Musyoka alinipokea akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, akanipeleka kwenye mpera ulio karibu na bomba la maji, kati ya safu mbili za nyumba za zamani. Kamba ya nguo ilikuwa imefungwa kwenye shina lake. Nikahesabu hatua, nikainua darubini, nikaandika daftarini: mpera, bomba, hatua ishirini kutoka mlango wa bluu.

Mlango wa bluu ukafunguka. Akatoka mama mnene, povu la sabuni limemfika viwikoni.

"Unapima nini hapo?"

"Sipimi, mama. Natafuta ndege."

"Ndege!" Akawageukia majirani. "Wamekuja tena! Leo wametuma mwanamke!"

Ndipo nikaelewa. Mtaani kulikuwa na uvumi kwamba nyumba zao zitabomolewa zijengwe maghorofa, na mimi nimekuja nikihesabu hatua mpaka mlangoni kwa mtu. Watu kama kumi wakanizunguka. Yule mama, waliyemwita Mama Akinyi, akanipokonya daftari na kusoma kwa sauti: "'Hatua ishirini kutoka mlango wa bluu.' Mmesikia?"

"Mama Akinyi, ndege iko," Musyoka akasema. "Mimi ndio nimemuita huyu."

"Wewe nyamaza. Si ni wewe ulitutoa nje juu ya chatu kwa mtaro, kumbe ni mpira wa maji?"

Watu wakaangua kicheko. Musyoka akainamisha kichwa. Nilimtazama kwa huruma ya ndugu: kumbe shahidi wangu pekee naye alikuwa na kofia yake ya sufu.

"Nipeni saa moja," nikasema. "Asipotokea, nalichana daftari mbele yenu."

"Saa moja tu. Na simu yangu inarekodi. Ukipima, utaonekana."

Tukaketi juu ya ndoo, yeye simu mkononi ikinielekea mimi na mpera, mimi darubini machoni. Walikuja shomoro. Akaja kuku. Saa tatu kamili Mama Akinyi alisimama, simu bado mkononi, akaninyooshea daftari kwa mkono wa pili. "Haya, cha—"

Akaikazia macho kamba ya nguo.

"Madam," akanong'ona. "Si ni haka?"

Kwenye kamba, juu ya petikoti yake, alikuwa ametua ndege mdogo kuliko shomoro: tumbo la njano kama limau, mgongo wa kijani, uso mtupu bila miwani. Akaruka, akadaka nzi, akarudi palepale. Kisha akapaa juu ya mabati, akapotea.

Nikafungua simu yangu. Nilikuwa nimepiga picha kumi na moja, zote za petikoti tupu, nikaanza kulia.

"Unalia nini?" akauliza Mama Akinyi. "Si nimekuambia narekodi?"

Alikuwa amemnasa yule ndege, safi kabisa, kuanzia kutua hadi kuruka. Musyoka akaomba aitazame, akaitazama mara nne, kisha akawazungushia majirani mmoja mmoja.

Saa tano nilirudi Ziwani kwa miguu, video ikiwa simuni mwangu. Nikamtumia Kioko, na alasiri akanipigia.

"Hii tunaikubali. Ila kuna sauti ya mama mwishoni, anasema, 'Ndege ndio hii, na nyumba hatutoki.' Tunaweza kuitoa?"

Nikampigia Mama Akinyi, nikamuuliza mwenyewe. "Wachukue yote ama waache yote," akajibu.

Wamechukua yote. Katika kumbukumbu za chama, ndege huyo ameandikwa kwa jina la Mama Akinyi. Mimi nimetajwa chini, miongoni mwa waliokuwepo, pamoja na Musyoka. Nilikwenda Jericho nikitafuta mtu wa kuniamini. Aliyenifaa ni yule ambaye hakuniamini hata chembe, ndiyo maana hakupepesa jicho wala kuishusha simu.