Mraba Mmoja wa Jang'ombe

Mimi nina hasira, na sijawahi kulificha hilo. Nimevunja simu mbili kwa kuzipiga ukutani, na nimewahi kumkaba mtu shingo pale Michenzani kwa neno la kijinga. Walionijua walicheka waliposikia nimepata kazi ya kukaa kimya mbele ya kompyuta, katika ofisi ndogo ya watu binafsi huko Kiembe Samaki, nikitengeneza ramani za mvua kwa ajili ya mahoteli na manahodha wa boti za watalii.

Vipimo tulivipata kutoka rada ya mvua iliyoko bara. Rada haioni kwa miraba. Inazunguka na kupima kwa mistari inayotoka kitovuni, kama spoku za baskeli: karibu imebanana, mbali imeachana. Unguja iko mbali, kwa hiyo baina ya mstari na mstari pana pengo. Wateja wetu walitaka ramani ya miraba iliyo sawasawa, isiyo na tundu. Kazi yangu ilikuwa kuijaza. Kila mraba niliuulizia kwa vipimo jirani, cha karibu nikakisikiliza zaidi, cha mbali kidogo, kisha nikatoa wastani.

Ramani zangu za mwanzo zilikuwa na madoa. Utaona mraba mmoja umewaka wekundu wa mvua kubwa peke yake katikati ya kijani, na mara nyingi ulikuwa uongo mtupu: kundi la ndege, au mawimbi ya bahari. Wateja wakalalamika. Mkuu wetu wa kazi, mtu mpole, akasema ramani ina ndui, niitibu. Nikapanua duara la majirani, na juu yake nikaweka kanuni: mraba uliowazidi mno majirani zake wote ufutwe, upewe wastani wao. Penye wengi hapaharibiki neno, nilimwambia. Ramani ikawa laini kama hariri, nami nikajiona fundi.

Mama alikuwa akikaa Jang'ombe, nyumba ya bondeni, na dada yangu mdogo ndiye aliyemuuguza. Kiharusi kilikuwa kimemlaza. Mvua kubwa ikija ilibidi majirani wambebe hadi nyumba ya bibi mmoja yenye ghorofa. Masika ya nyuma, kabla sijaweka kanuni yangu, niliamrisha atolewe mara mbili kwa ajili ya yale madoa, na mara zote mbili hapakunyesha kitu. Mara ya pili waliteleza naye ngazini, akavunjika mkono. Niliwatukana waliombeba, watu waliojitolea bure, mpaka mmoja akanitemea mate miguuni. Mama akasema hatobebwa tena kwa maneno ya mashine isipokuwa mimi mwenyewe niwe na hakika.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja saa tatu na kitu, dada akanipigia simu.

"Kaka, kiza kimeshuka huku, sikipendi. Nimtoe mama?"

Nikaitazama ramani. Jang'ombe ilikuwa njano, na pande zake zote njano na kijani.

"Mwache," nikamwambia. "Nna hakika. Mvua ya kupita tu hiyo."

Haikuchukua robo saa. Kwetu Kiembe Samaki ulikuja upepo tu na manyunyu. Simu ya pili ilipolia sikusikia maneno, nilisikia maji na dada akipiga kelele. Nilipofika kwa pikipiki, mtaro ulikuwa umepasuka, mabati yanaelea, na ukuta wa ua umeangukia mlango wa chumba cha mama. Watu walikuwa wakivunja nondo za dirisha kwa mtaimbo. Nilimnyang'anya mmoja wao, nikampiga kiwiko cha mdomo alipokataa kuuachia. Tulipoingia, dada alikuwa amesimama ndani ya maji ya kifua, kucha zimeng'oka, mikono yake bado chini ya kichwa cha mama. Kichwa kilikuwa juu ya maji. Mama alikuwa ameshakufa.

Tulimzika siku ile ile. Siku ya pili ya matanga niliinuka mkekani, nikaenda ofisini, nikafungua vipimo ghafi, vile ambavyo programu yangu haijavigusa. Mstari mmoja ulipita juu ya Jang'ombe, na juu yake palikuwa na kipimo kimoja kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Kilifika kabla ya simu ya kwanza ya dada. Programu ilikiona, ikawauliza majirani, majirani wakakana, ikakifuta. Nilikipiga ngumi kioo cha kompyuta hadi kikapasuka na mkono ukachanika.

Nikarudi matangani. Wanaume wakanipa mkono, kila mmoja akiniambia ni kazi ya Mungu, nami nikaitikia. Kisha dada akaniita ndani, kwenye chumba cha wanawake, mikono yake yote miwili imefungwa bendeji.

"Kaka, kwenye mashine yako mvua ile ilikuwapo?"

Nikamwambia amri ya Mungu haina kinga.

"Sikuulizi ya Mungu. Nnakuuliza, ilikuwapo?"

"Ilikuwapo," nikasema. "Nimeifuta mimi."

Alinipiga usoni kwa mikono ile ile iliyofungwa, tena na tena, damu ikapenya kwenye bendeji. Wanawake wakamshika. Nikawaomba wamwache. Sikuinua mkono hata kujikinga, na nilitamani angekuwa na nguvu zaidi. Alipochoka alikaa chini, akahema, akaongea kwa sauti ya chini kama anayejisemea mwenyewe.

"Nilipokupigia, wale majirani walikuwa washakuja," akasema. "Walikuwa washamwinua mama. Uliposema una hakika, mimi ndiye niliyewaambia wamshushe."