Benchi la Karakana ya Vioo

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, mama mkubwa hukigonga kikombe chake kwa ukucha na kukisogeza karibu na sikio. Kikitoa mlio safi hukirudisha mezani. Kikitoa mlio uliokwama, hata kama ufa hauonekani, hukitenga kando na kusema, "Huyu hatatufikisha mbali." Sisi wa nyumbani tumezoea. Shemeji yangu, siku ya kwanza alipokuja kunywa chai kwetu, alidhani anayepimwa ni yeye.

Ukucha ule umetoka kazini. Sehemu kubwa ya maisha yake mama mkubwa alikuwa mpuliza vioo katika kituo cha utafiti. Watafiti huwa wanataka vyombo ambavyo hakuna duka limewahi kuvifikiria, basi walikuwa wakimletea mchoro, mara nyingine nyuma ya bahasha kuukuu, naye akilizungusha bomba la kioo juu ya moto wa gesi, akilipuliza, akilikunja, akiliunga. Mashavu yalimjaa kama ya mpiga tarumbeta. Kituoni walimwita Mapafu, na yeye aliitika bila kinyongo.

Nilipomaliza chuo nilipata kibarua katika maktaba ya kituo, ghorofa moja juu ya karakana yake. Kule juu hakuna aliyesema zaidi ya kunong'ona, na mimi nilipenda hivyo. Lakini mchana nilishuka na chakula chetu, nikala karibu na moto wake, na polepole nikaanza kushuka hata nisipokuwa na njaa.

Sababu ilikuwa benchi. Lilikuwa refu, la mbao nzito, limeenda ukuta mzima, na fundi seremala alikuwa amelitengenezea humohumo ndani bila kufikiria mlango. Sheria ya karakana ilikuwa moja: aliyeleta kazi anakaa benchi mpaka kazi yake ipoe. Kioo kikitoka motoni huingizwa kwenye tanuri dogo kipoe taratibu, la sivyo kinapasuka. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka akarudi baadaye.

"Mapafu, leo nina haraka," alisema siku moja mtafiti wa fizikia.

"Haraka yako ikalishe hapo, ukae nayo."

Huyo tulimwita Bwana Ombwe, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutoa hewa yote ndani ya mabomba ya kioo na kupitisha umeme humo, mpaka bomba likawaka rangi ya zambarau. Alikuwa mrefu, na magoti yake yalichukua nafasi ya watu wawili. Kando yake alikaa Mzee Kunde wa kilimo, aliyefungia kunde na fukusi kwenye chupa ili apime wadudu wanavuta hewa kiasi gani wakiwa ghalani. Wa tatu alikuwa Dada Mbu wa idara ya afya. Mama mkubwa alimtengenezea vikombe vyenye kuta mbili: katikati ya kuta hupita maji ya moto, ndani huwekwa damu, chini hufungwa utando mwembamba. Mbu wakitua pale hudhani wamepata mtu.

"Mzee Kunde, wadudu wako hawajambo?" Dada Mbu aliuliza.

"Wanakula kuliko mimi. Wako?"

"Wamegoma tangu jana."

"Labda umewapa damu ya mhasibu. Wameionja, wameona haina huruma."

"Nyinyi angalau mnafuga kitu," akadakia Bwana Ombwe. "Mimi nafukuza hewa, na kila nikigeuka imesharudi ndani."

Mama mkubwa hakugeuka, alikuwa na bomba mdomoni, ila mabega yalimtikisika. Kucheka na huku unapuliza ni njia ya haraka ya kuharibu kioo. Alilitoa bomba mdomoni, akasema, "Mkinichekesha tena, vikombe vyenu vitatoka na vitambi," kisha akaendelea.

Pale benchini Bwana Ombwe alimfundisha Mzee Kunde kupaka povu la sabuni kwenye vizibo ili aone chupa zinavujia wapi. Pale pale Mzee Kunde alimpa Dada Mbu kipande cha kitambaa chake cha kuzuia fukusi, na ndicho kikawa ukuta wa vizimba vyake vya mbu. Hakuna aliyeitisha mkutano. Walikuwa wanasubiri kioo.

Kisha kituo kikagawanywa. Fizikia ilijengewa jengo upande wa pili wa mji. Afya ilihamia kando ya hospitali. Kilimo kilibaki kwenye mashamba yake ya majaribio. Jengo letu la zamani lilikuwa karibu kubomolewa, na mkurugenzi, mtu mpole aliyeshuka mwenyewe badala ya kutuma mtu, alimwambia mama mkubwa achague.

"Idara moja, Mama. Hatuwezi kukukata vipande vitatu."

"Mpaka lini?"

"Ijumaa."

Alipoondoka, mama mkubwa aliuzima moto, jambo ambalo sikuwahi kuliona mchana. Alilitazama benchi, akalifuta vumbi kwa kiganja.

Wale watatu walipata habari, na kila mmoja akaja kuvutia kwake. Bwana Ombwe alisifia chumba chenye kiyoyozi. Dada Mbu aliahidi tanuri jipya. Mzee Kunde alikuna kichwa. "Mimi sina cha kukudanganyia. Kuna banda tulilokuwa tukikaushia mahindi."

"Banda!" Bwana Ombwe alicheka. "Unataka moto wake uzimwe na upepo?"

"Na wewe unataka agande kama samaki wa jokofu."

"Basi mwacheni achague," alisema Dada Mbu, ingawa yeye ndiye aliyekuja na picha ya tanuri.

Mama mkubwa alikuwa anaunga kwenye kikombe cha Dada Mbu mkono wa kupitishia maji. Karakana ilikuwa na masanduku mawili ya mabomba, kioo kigumu na kioo laini, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Siku zote alikuwa na desturi yake: anayeyusha ncha mbili pamoja, anazivuta ziwe uzi mwembamba, anasubiri. Uzi ukinyooka, vioo ni ndugu. Ukipinda, kila kimoja kinasinyaa kwa mwendo wake, na ukiviunga vitaachana. Siku hiyo hakuvuta uzi. Aliunga, akaingiza kikombe tanurini, wakaendelea kubishana.

Kutoka tanurini ikasikika, *tik*.

Wote wakaligeukia tanuri. Mama mkubwa alifungua, akakitoa kikombe kwa koleo. Mkono ulikuwa umeachana na mwili wake, ufa umezunguka duara safi kabisa.

"Nani ametia mkono kwenye masanduku yangu?" aliuliza. Kisha, kabla hatujajibu, "Hapana. Ni mimi."

"Mama, ni kikombe tu," alisema Dada Mbu.

"Najua ni kikombe."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Bwana Ombwe alivuta magoti yake ndani. Hakuna aliyetaja tena kiyoyozi wala tanuri, na kwa mara ya kwanza walikaa pale bila kioo chochote cha kusubiri, hawaondoki.

Kabla ya Ijumaa tulizunguka kote kutatu, mimi na yeye. Mfukoni alikuwa na kamba ya katani. Kule fizikia aliivuta ukutani, kutoka kona hadi mlangoni, ikabaki, akatikisa kichwa, akaikunja. Kule afya vilevile. Isitoshe, mlangoni palikuwa na mlinzi aliyetuuliza tumetumwa na nani. Bandani aliivuta, nayo ikaisha kabla ukuta haujaisha. Nilidhani anapima nafasi ya tanuri. Akachagua banda.

Maneno yalikuwa mengi. Walisema uzee umemwingia. Mpuliza vioo gani anaufuata upepo? Wengine walisema kumbe Mzee Kunde miaka yote alikuwa anapanda kitu kingine. Mama mkubwa aliambiwa, akasema, "Mwambieni amwagilie, basi."

Ili kulitoa benchi ilibidi wang'oe dirisha lote na fremu yake. Kule bandani alizungushia moto mabati, na bado siku za upepo ulimi wa moto ulilala upande, naye akiukaripia kama mtoto. Mwanzoni alikuja Mzee Kunde peke yake. Walikaa mmoja kila mwisho wa benchi. Nilishuka kwenye basi na chakula chetu, nikawakuta hivyo, na moyo ukaniuma: nilidhani amepoteza kila kitu.

Kisha, mchana mmoja, pikipiki ikasimama nje na Bwana Ombwe akashuka, nywele zimejaa vumbi, bomba lake limeviringishwa ndani ya sweta.

"Dukani wanasema nisubiri miezi," alisema. "Nina haraka, Mapafu."

"Kaa."

Wiki iliyofuata alikuja Dada Mbu. Alipita moja kwa moja, maana banda halikuwa na mlango wala mlinzi. "Fukusi hawajambo?" aliuliza kabla hajaketi.

Hayo yamepita sasa. Mama mkubwa amestaafu, vyombo vinaagizwa kutoka mbali, na banda limerudia mahindi. Mimi nina kazi katika maktaba nyingine, kimya zaidi ya ile ya kwanza. Kuna siku nainua kichwa kutoka kwenye kitabu nikitaka kushuka ngazi, nakumbuka kwamba chini yangu kuna maegesho ya magari tu.

Jumapili iliyopita alikigonga kikombe chake, akasikiliza, akakiweka mezani. Nikamimina chai. Swali nilikuwa nalo tangu siku ile ya kamba, na sijui kwa nini lilinichukua muda wote huo kulitoa mdomoni.

"Mama mkubwa, kwa nini ulichagua banda?"

Alipuliza chai yake, polepole, mashavu yakijaa kidogo.

"Benchi lilienea," alisema.