Sahihi ya Orville Tackett

Orville Tackett aliwadharau wasomi waziwazi, na pale Pasadena mwaka 1957 walikuwa wamejaa tele. Kazi yake ilikuwa kusawazisha setilaiti. Aliifunga kwenye meza ya kuzungushia, akaizungusha kwa kasi, akabandika vipande vya madini ya risasi mpaka mtetemo uishe. Wasomi, alisema, hata sufuria ya maharage wangeimwaga.

Desturi ya karakana ilikuwa kung'oa antena kwanza, kwa kuwa zile nyaya nne ndefu zilichapa hewa na kuvuruga vipimo. Siku moja Orville alitengeneza kielelezo cha setilaiti, chembamba kama chupa, akakiachia nyaya zake, akakining'iniza kwa uzi na kukizungusha. Kilisimama wima dakika chache. Kisha nyaya zikaanza kupinda na kunyooka, kikayumba, kikalala, kikawa kinapinduka kichwa chini miguu juu.

Akamwita mkuu wa wahandisi, Daktari Whitcomb Pruett, mtu aliyevaa tai ya kipepeo hata kwenye grisi.

"Huo ni upepo na uzi wako," Pruett alisema. "Juu hakuna upepo. Chombo ni kigumu, hesabu zimekwisha."

"Nyaya si ngumu, Daktari. Kila zikipinda zinakula nguvu ya mzunguko, mwisho chombo kinalala."

"Nyaya zenyewe hazifikii uzito wa mkate wako wa mchana! Tia sahihi kwenye hati ya kuruka, Orville. Au kule chumba cha kupaka rangi wanatafuta mtu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Orville alitia sahihi, akaenda zake akimtukana Pruett moyoni.

Setilaiti ilirushwa. Kabla haijamaliza mzunguko wa kwanza, ishara zake zikawa zinakuja na kupotea, kwa kuwa ilikuwa ikipindukapinduka vilevile kama kile kielelezo. Kamati ya uchunguzi ikaitishwa.

"Ni jambo jipya kabisa katika sayansi," Pruett alieleza bila haya. "Hakuna ambaye angelijua."

Orville akaruka kitini. "Mwongo mkubwa! Nililijua mimi, nikamwonyesha kwa macho yake!"

Mwenyekiti, mzee mpole, akamsogezea karatasi. "Bwana Tackett, sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Inayosema chombo kizima kiko tayari kuruka?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

Orville alikaa chini. "Nilikuwa najua," akasema. Upande wa pili wa meza, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Pruett alimtazama kama mwenzake.