Nilivyojua nyota za katikati ya galaksi zilitoka wapi, nikiwa kwenye eda

Wakuu, habari zenu. Naandika kutoka Majengo, Nyeri. Sitaongeza chumvi, maana hata mimi mwenyewe bado nashangaa.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Kwetu Waislamu mjane hukaa eda, miezi minne na ushee nyumbani, hutoki bila sababu ya lazima.

Nilikaa. Sikuwa na maneno ya kumwambia mtu.

Kwenye ploti yetu amepanga msichana anaitwa Wanjiku, anasoma mambo ya nyota chuo kikuu. Alikuwa ameitwa interview ya scholarship ya kuendelea na masomo. Sharti lilikuwa moja: aeleze utafiti wake mpaka mtu ambaye hajasoma fizikia aelewe. Akishindwa, anarudi kwao Kangari kuchuma majani chai.

Akaniomba niwe huyo mtu. Mimi niliishia darasa la nane, na sikuwa na pa kwenda.

Akaeleza. Katikati kabisa ya galaksi yetu kuna kishada cha nyota, mamilioni yamebanana pamoja. Anachotafuta ni zilifikaje pale.

"Umeshika, Mama Halima?"

"Hapana."

"Ati hapana? Wenzangu wote wamesema niko sawa!"

"Wamekudanganya."

Wakuu, mimi kudanganya siwezi, hata kwa huruma.

Akaanza upya. Nyota hupika metali tumboni. Zikifa, zinazimwaga kwenye gesi, na nyota zinazozaliwa na gesi hiyo zinaanza maisha zikiwa na metali zaidi. Na hawa watu wa nyota huita metali kila kitu isipokuwa haidrojeni na heliamu.

"Hata oksijeni?"

"Hata oksijeni."

"Hao watu wako hawako sawa."

Nikajisikia nacheka, nikashtuka.

Basi, nyota nyingi za pale katikati zina metali nyingi. Hizo zilizaliwa hapo hapo. Lakini kuna chache karibu hazina kitu. Wanjiku akasema hizo ni wageni: zilitoka kwenye vishada vya kale vilivyovutwa kutoka mbali, vikamezwa.

Nikamuuliza, "Si labda ni wazee tu wa hapo, walizaliwa kabla metali hazijapikwa?"

Akainuka, akaenda kwake.

Kesho yake akaja mbio na laptop.

"Mama Halima, si metali peke yake! Ni mwendo! Hizo chache zinazunguka tofauti kidogo na zingine. Zimekaa hapo miaka na miaka, na bado ziko na mwendo wao!"

Hapo nilishika.

Mume wangu alikuja Nyeri kutoka Isiolo akiwa kijana. Alizeekea hapa. Lakini akifungua mdomo sokoni, akina mama walimuuliza, "Na wewe umefika lini?" Naye aliwajibu, "Jana."

Niliziona zile nyota kama watu ninaowajua. Nikamwambia Wanjiku aendelee, asinyamaze.

Interview aliifanyia sebuleni kwangu, kwa sababu network ya chumbani kwake ni mbaya. Mimi nilikuwa jikoni, sifanyi kitu. Kiingereza changu ni kidogo, lakini nilisikia wakimuuliza ni kiasi gani kilitoka nje na kiasi gani kilizaliwa hapo. Akajibu, "We don't know yet," yaani bado hatujui.

Nikasema basi, amejimaliza.

Siku kadhaa baadaye nikasikia kelele kwenye korido. Amepata!

Wakuu, nilipiga vigelegele. Mjane, ndani ya eda. Jirani akatoa kichwa dirishani.

"Mama Halima, kuna nini? Harusi?"

"Nyota!" nikamjibu.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akikueleza jambo na hujaelewa, mwambie hujaelewa. Unamsaidia kuliko ukimsifu.

Karibuni mchangie. Wanaozijua nyota, nisahihisheni nilipokosea. Na wanaojua dini, nijibuni kwa upole: vile vigelegele vilikuwa kosa? Maana, niseme ukweli, sijavijutia.