Majani ya Makaburini

Mume wangu alipofariki hapa Biharamulo, hatukuruhusiwa kumsafirisha kwenda kwao Bugarama. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuzikwa haraka. Watu wa afya walimzika makaburi ya mjini, mimi na watoto tumesimamishwa mbali. Mama yake alifika kesho yake, akakuta udongo umeshaanza kukauka juu. Hakulia mbele yangu. Aliuliza tu, "Walimlaza kichwa kikielekea wapi?" Sikujua.

Msimu uliofuata halmashauri ikaanza kugawia watu mboji ya taka za soko, pamoja na majani makavu ya kutandaza bustanini. Trekta lilimwaga fungu mlangoni kwangu. Mboji ilikuwa nyeusi, laini, ya moto kidogo ndani. Niliichanganya kwenye matuta ya nyanya, nikatandaza majani juu.

Katika majani yale nikaokota ua la plastiki, la zambarau. Kisha utepe uliochakaa. Maandishi yake yalikuwa yamefutika, limebaki neno moja: PUMZIKA.

Trekta liliporudi mtaani nikamsimamisha dereva. "Kaka, majani haya mnayakata wapi?"

"Pembeni mwa barabara, mama. Na makaburini. Kule ndiko yanakostawi."

Nilinawa mikono mara nyingi siku ile. Nyanya zikaota kwa kasi iliyonitisha, mashina manene kama kidole gumba. Kila nilipoinama kumwagilia, nilisikia nyuma yangu mtu akikohoa kidogo, kama alivyozoea yeye kabla ya kuniambia jambo. Nikigeuka, naona kamba ya nguo na ukuta. Nikaanza kumwagilia upesi upesi, bila kuinua uso.

Mama mkwe alipokuja kututembelea, nilimwamkia, nikamwandalia chakula, kisha nikamweleza yote. Nilitaka aniambie ng'oa, choma.

"Makaburi yapi?" aliuliza.

"Yale yale, Mama."

Alitoka, akapiga magoti kwenye tuta, akaingiza mikono hadi viwiko. Alisema maneno ya Kihangaza kwa sauti ya chini, na hayakuwa ya kuniambia mimi. Kisha akasema, "Mwanangu, nitafutie kiroba."

Alikijaza mwenyewe udongo wa tuta. Nilipotaka kumsaidia aliusukuma mkono wangu, taratibu. Stendi kondakta alitaka kukitupa juu ya gari. "Huu si mzigo," alimwambia, akakipakata mapajani.

Jioni alinipigia simu. Alikuwa amekimwaga nyuma ya nyumba, alipolala baba mkwe, akachomeka chipukizi la mgomba.

"Tumefika salama," alisema.



Nyanya zilipoiva, majirani waliziona kwa juu ya ukuta wakaziomba. Sikumpa mtu. Tulizila mimi na watoto wake, mbichi, na chumvi, hadi zikaisha.